Siku Mama Alipomfunga Macho Fundi wa Maji

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili mjini Nakuru, na kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu wasikubali jambo kwa sababu tu mwalimu amelisema. Kisha nawaambia waandike hayo daftarini kama nilivyoyasema, wasibadilishe hata neno. Sikuwahi kuona tatizo lolote hapo. Kwangu kufikiri kulikuwa somo, na kila somo lina wakati wake kwenye ratiba: Jumanne na Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana.

Nje ya darasa mimi ni mtu wa kukubali. Kinyozi wangu pale Bondeni akinishikia kioo nyuma ya kichwa na kuuliza kama nimependa, nasema safi kabisa, halafu navaa kofia wiki mbili. Kwenye mikutano ya walimu siinui mkono mpaka nione mikono ya wengine imeelekea wapi. Nilidhani huo ndio ustaarabu. Jina lake halisi nililijua baadaye, nyumbani kwetu Ndabibi, mbele ya kijiji kizima.

Ndabibi iko magharibi ya Ziwa Naivasha. Mama yangu bado anaishi huko, analima viazi na mahindi, na mimi humtembelea mwisho wa wiki nikipata nafasi. Udongo wetu ni mzuri na upepo ni wa bure. Kinachokosekana ni maji ya karibu. Ukipanda kilima kilicho nyuma ya kwetu unaliona ziwa lote linang'aa kama bati jipya, lakini kuliona hakujazi mtungi. Wanawake huamka, huwafunga punda mitungi, na asubuhi yote inaishia njiani.

Kwa hivyo watu walipounda kikundi cha maji, na wafadhili wakakubali kuleta mashine ya kuchimba kisima, furaha ilikuwa kubwa. Kulikuwa na sharti moja tu: mashine ingekuja mara moja, si mara mbili. Ikichimba mahali pakavu, inarudi ilikotoka, nasi tunarudi kwa punda.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule yetu ya msingi. Huyo ndiye aliyenifundisha tangu darasa la nne hadi la nane. Kila mtu humwita Mwalimu, hata wale ambao hawakupita darasani kwake, na mimi hadi leo nikimwona nachomoa mikono mfukoni kabla hajaniambia. Ni mtu mzuri. Amekuwa mzuri maisha yake yote bila mtu yeyote kumbishia, na hilo humfanyia mtu mambo.

Mama yangu alikuwa na neno na Mwalimu. Miaka kadhaa nyuma, kwenye mkutano wa wazazi, Mama aliinua mkono kuuliza swali, na Mwalimu akamwambia aliandike kwenye karatasi alipeleke ofisini. Alijua vizuri kwamba Mama aliishia darasa la tatu. Mama aliketi. Hakulisema jambo hilo tena kwa mtu yeyote, isipokuwa kwangu, karibu kila nilipokwenda nyumbani.

Basi Jumamosi moja Mwalimu aliita watu wote kwake. Alikuwa amemleta fundi wa kutafuta maji. Fundi alishuka kwenye pikipiki akiwa na koti refu la mvua, jua likiwaka, na miwani myeusi. Alifungua mkoba wa ngozi polepole sana, kama daktari aliyeitwa amechelewa, akatoa nyaya mbili za shaba zilizokunjwa kwenye ncha.

"Hizi waya hazidanganyi," alituambia. "Mimi ni mshikaji tu. Maji yenyewe ndiyo yanavuta."

Alizishika moja kila mkono, zikaelekea mbele, akaanza kutembea. Tulimfuata watu wapatao hamsini, kimya, tukikanyaga alipokanyaga. Akazunguka uwanja ulio mbele ya boma la Mwalimu, akapita karibu na barabara, akakunja kona, na hatua chache kutoka kwenye lango la Mwalimu zile nyaya zikasogeleana, zikapishana, zikaunda msalaba. Fundi akatetemeka mabega. Akakanyaga chini mara tatu na kusikiliza.

"Mita themanini," alisema. "Maji matamu."

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia. Mwalimu alipigilia kijiti mahali pale kwa jiwe, kisha akainua macho, akanitafuta kati ya watu, akanipata.

"Bahati nzuri tunaye hapa mwanafunzi wangu," alisema, "ambaye sasa ni mwalimu wa sayansi huko Nakuru mjini. Hebu tuambie. Hii tuliyoiona ni sayansi, ama si sayansi?"

Nilijua jibu. Nataka ieleweke kwamba nililijua. Mtu akishika nyaya nyepesi hivyo, mkono ukiinama kidogo tu, hata bila mwenyewe kujua, nyaya zinageuka. Ningeweza kuchora mchoro. Lakini Mwalimu alikuwa ananiangalia kwa yale macho ya darasa la sita, na watu hamsini walikuwa wametabasamu tayari, wananingoja nikamilishe furaha yao.

"Ni sayansi," nilisema, "ya aina yake."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Fundi aliniinamia kichwa kama mtaalamu anavyomwinamia mwenzake. Mama alikuwa amesimama nyuma, karibu na punda. Hakupiga makofi. Aliniangalia vile anavyoangalia kiazi kizuri kwa nje ambacho kimeoza ndani.

Nyumbani alinipakulia githeri. Nilijua mambo ni mabaya kwa sababu alinipa kijiko safi na sahani ya wageni.

"Hizo waya," aliuliza mwishowe, "zinajuaje maji yako wapi?"

"Hazijui, Mama."

"Hazijui?"

"Ni mikono yake. Hata yeye labda hajui kwamba ni mikono yake."

Aliweka sufuria chini. "Na wewe ulijua hivyo ukiwa umesimama pale?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini ulisema ile takataka?"

"Mama, yule alinifundisha."

"Mimi nilikuzaa," alisema, "na mimi unanibishia kila siku."

Niliendelea kula. Alitazama nje kwa kuku wake. Halafu akaanza kunieleza habari ya mayai, nami nikadhani tumebadilisha mada. Mwezi uliopita, alisema, kulikuwa na kuku aliyekuwa akila mayai ya wenzake. Jirani zake wote walisema ni yule mweusi, kwa sababu ana macho mabaya. Mama hakumchinja. Alimfungia peke yake siku mbili, mayai ya wengine yakaendelea kuliwa. Akamfungia mwekundu, yakaendelea kuliwa. Alipomfungia yule mweupe, mnyenyekevu, ambaye hakuna aliyemshuku, mayai yakabaki mazima.

"Kwa hivyo huyo fundi naye," alisema, "inafaa tumtenge."

"Tumtenge na nini?"

"Na macho yake."

Nilimwambia hilo ni jaribio zuri sana, tena ndilo hasa ambalo mtaalamu yeyote angelifanya. Nilimwambia pia asilifanye. Nilimweleza kwamba Mwalimu ataaibika, watu watasema ni wivu, na tutaishije na majirani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" aliuliza. "Jumamosi ijayo uje. Na hiyo kofia yako uivue, unafanana na mtu anayetafutwa."

Wiki hiyo nilifundisha vibaya. Mara mbili nilianza kusema "msikubali jambo kwa sababu tu" na mara mbili nikakohoa badala ya kumaliza. Jumamosi nilikwenda.

Kikundi kilikuwa kimekutana kupitisha mahali pa kuchimba, na fundi alikuwepo, na koti lake, ili apige saini kwa heshima yake kama mtaalamu. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kuteka maji. Alimfunga punda kwenye ua wa Mwalimu, na mitungi yake mgongoni, akaja akasimama mbele. Mwalimu alipouliza kama kuna mwenye swali, kwa sauti ya mtu asiyetarajia swali, Mama aliinua mkono.

"Mama, keti kwanza," Mwalimu alisema. "Tutafika kwako."

"Nimefika mwenyewe," Mama alisema. "Sina karatasi, kwa hivyo nitasema kwa mdomo. Fundi ameonyesha hapa langoni. Sawa. Ninaomba atafute tena, maji yale yale, akiwa amefungwa macho. Kama ni maji yanayovuta, yatavuta. Maji hayamwangalii mtu miwani."

Kulikuwa na kicheko kidogo, kisha minong'ono, kisha watu wakaanza kumtazama fundi. Nilitegemea akatae. Hapo ndipo nilipomheshimu. Alikubali papo hapo, tena kwa furaha, na nikaona kwamba aliziamini nyaya zake kwa moyo wote.

"Mathe, hakuna shida," alisema. "Funga tu."

Mama alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga nacho mizunguko miwili, akakaza fundo kama anayefunga gunia la viazi. Wanawake wawili wakamzungusha fundi mpaka akapoteza mwelekeo. Akaanza kutembea.

Alikwenda upande wa barabara. Mwalimu akakohoa. Fundi akaendelea. "Kulia," Mwalimu akanong'ona, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. "Kulia kidogo."

"Mwalimu!" Mama alisema. "Unamsaidia mtoto kwenye mtihani?"

Sijawahi kusikia watu wa Ndabibi wakicheka vile. Mwalimu mwenyewe, ambaye aliwahi kuwarudisha wazazi nyumbani kwa kosa la kuchungulia dirishani wakati wa mtihani, alifunga mdomo na kurudi nyuma hatua mbili.

Fundi hakusikia lolote. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuata nyaya. Alipita lango, akakipita kijiti kwa mbali, akazunguka nyuma ya ghala, na tukamfuata sote tukisukumana. Mbele ya mlango wa choo cha shimo, nyaya zikapishana. Akatetemeka mabega. Akakanyaga chini mara tatu.

"Hapa," alisema. "Mengi sana."

"Hilo hatukatai," alisema mzee mmoja.

Fundi alipofunguliwa macho aliangalia choo, akaangalia nyaya, akaangalia kile kitambaa. Alisema kitambaa kimekuwa jikoni na kina mafuta, na mafuta hayapatani na maji. Watu wengine walikubali. Hata mimi, kwa sekunde moja, nilijikuta natikisa kichwa kukubali, kwa mazoea. Mama alisema sawa, tutumie kitu kisicho na mafuta. Mwalimu, kwa matumaini mapya, alivua tai yake. Ilikuwa ile tai ya kijani aliyoivaa akitufundisha. Fundi akafungwa tena, akazungushwa tena.

Mara hii alikwenda moja kwa moja bila kusita, nyaya zikielekea mbele, mpaka zikamgusa punda wetu ubavuni. Zikapishana.

Punda aligeuza kichwa, akamnusa.

"Hapa!" fundi alisema. "Hapa hapa! Yako karibu sana, hata mita moja haifiki!"

Sasa ukazuka ubishi ambao sikuutarajia. Nilidhani jambo limekwisha. Kumbe nusu ya watu walisema fundi ameshindwa, na nusu ya pili ilisema ameshinda, kwa sababu punda alikuwa amebeba mitungi ya maji, na maji ni maji. Mtu mmoja aliongeza kwamba hata bila mitungi, punda huyo alikunywa asubuhi. Watu walikuwa wanapigiana kelele kuhusu tumbo la punda. Mwalimu aliinua mikono miwili, kimya kikarudi polepole, na nikaona macho yake yananitafuta tena. Nilijaribu kusimama nyuma ya mwanamke mmoja mnene. Alisogea.

"Mwalimu wa sayansi," alisema. "Wiki iliyopita ulituambia vizuri. Waambie tena watu hawa, tumalize."

Mikono nilikuwa nimekwisha kuitoa mfukoni.

"Mwalimu," nilisema, "si sayansi."

"Nini?"

"Si sayansi ya aina yoyote. Ni mikono yake inayogeuza waya, bila yeye kujua. Nilijua hivyo wiki iliyopita. Nilisema uongo."

Mwalimu alinitazama. "Kwa nini uliniongopea?"

"Kwa sababu nilikuogopa."

Nilitegemea anikemee. Ningejua cha kufanya na kukemewa. Badala yake alibaki ameduwaa, shingo wazi bila tai, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoishi miaka yote ina chumba ambacho hakukijua.

"Uliniogopa," alisema. "Mtu mzima. Na ndevu." Akawageukia wengine. "Na nyinyi? Mnaniogopa?"

Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Mama tu ndiye aliyesema, "Mimi siku hizi hapana."

Mwalimu aliinama, akakitazama kile kijiti kilichokuwa karibu na lango lake kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Simama wima ukiongea. Endelea. Tufanye nini?"

Nilisimama wima, nikaendelea. Nilisema tungemtafuta mpimaji mwenye vyombo, atuonyeshe namna anavyopima, na maji yakipatikana yapimwe kabla ya kunywewa, maana sehemu zetu hizi yapo maji yanayowaacha watoto na meno ya kahawia. Sikusema kwa ufasaha. Nilirudia maneno, na mahali fulani nilimwita Mwalimu "Mama". Kura zilipigwa kwa mikono. Upande wa mpimaji ulishinda, kwa shida, na wale wa fundi walinuna mpaka Krismasi. Fundi mwenyewe alinywa chai kwa Mwalimu kabla ya kuondoka. Nilipomsindikiza kwenye pikipiki aliniuliza polepole, "Boss, kwa ukweli, ni mimi ninayezigeuza?" Nilimwambia ndiyo. Alizirudisha nyaya kwenye mkoba, akakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha kwa muda. "Na mimi husikia kabisa zikivutwa," alisema.

Mpimaji alikuja baada ya wiki kadhaa, kijana mwenye sanduku la chuma na kebo ndefu alizozitandaza shambani. Mama alimfuata hatua kwa hatua. Alimuuliza kama naye anaweza kufungwa macho. Kijana alicheka, akasema afadhali afanye kitu kingine: apime sehemu moja mara mbili, Mama mwenyewe asome namba. Mama alizisoma akizitamka moja moja kwa midomo, kidole kikiwa kwenye kioo cha mashine. Mara ya pili zilikuwa karibu sawa na za kwanza. Aliomba mara ya tatu. Kijana alipima mara ya tatu. Ndipo Mama akamwambia aendelee na kazi, kana kwamba amemwajiri.

Mahali alipochagua palikuwa hatua kama thelathini kutoka kwenye ule ua ambapo punda alikuwa amefungwa. Mashine ilichimba, maji yakatoka, yakapimwa, yakafaa. Na nikadhani kijiji kimejifunza.

Kijiji kilijifunza kwamba punda wetu anajua maji.

Ninasema kweli. Watu walitoka mpaka upande wa Longonot kuja kuomba waazimwe punda. Mmoja alisema fundi alikuwa sahihi, alikosea hatua thelathini tu, na kwa mtu aliyefungwa macho hizo si kitu. Mama aliwaeleza kwa subira mwanzoni: kwamba mtu akionyesha sehemu tatu katika uwanja mmoja lazima moja iwe karibu na kitu fulani, na kwamba punda alikuwa pale kwa sababu yeye ndiye aliyemfunga pale. Walimsikiliza, wakakubali, kisha wakauliza ni lini punda atakuwa na nafasi. Siku hizi huwaambia punda amestaafu.

Siku ya kufungua tangi la kisima, baada ya maombi na hotuba, Mwalimu aliniita pembeni. Tuliketi juu ya matofali yaliyobaki. Alitoa kijidaftari na kalamu mfukoni mwa koti, akafungua ukurasa mpya.

"Nimekuwa nikifikiria," alisema. "Nilikufundisha miaka mitano. Ni mambo gani mengine niliyokufundisha ambayo si kweli?"

Nilisema hakuna, Mwalimu. Alinitazama tu, akiwa ameinua kalamu, mpaka nikaona haya.

Basi nikaanza. Nilimwambia alitufundisha kwamba ukimeza mbegu ya chungwa mti utaota tumboni. Alisema hilo lilikuwa la kutuzuia tusile ovyo, lakini akaandika. Nilimwambia alituambia anayeandika kwa mkono wa kushoto hawezi kuwa na akili za hesabu, na kwamba kulikuwa na msichana nyuma yangu aliyebadilishwa mkono kwa nguvu. Hapo aliacha kuandika. Aliniuliza yuko wapi sasa. Nilimwambia ana duka Naivasha. Aliandika hilo pia, akauliza duka liko mtaa gani, akapiga mstari chini yake.

"Lingine?"

Nilikuwa nimepata joto. Nilimwambia kulikuwa na ile hadithi yake ya Ziwa Naivasha, kwamba halina mto unaotoka, ila maji yake yanapenya chini kwa chini ya ardhi na kwenda zake, na ndiyo maana si ya chumvi kama ya Nakuru na Elmenteita. Nilicheka nikisema hivyo. Nilimwambia hizo ni hekaya za wazee.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Hilo ni kweli," alisema.

"Mwalimu, hata mpumbavu—"

"Hilo ni kweli. Umelipima?"

"Sijalipima, lakini—"

"Umelisoma mahali?"

Sikuwa nimelisoma mahali popote. Nilikuwa nimeamua tu, kwa sababu lilitoka kwake. Tulibishana mpaka Mama akatuita chai mara tatu, na mara ya nne akatuambia chai yetu atampa punda. Jumatatu, katika chumba cha walimu, nilimwendea mwenzangu wa jiografia, nikamwomba vitabu vyake, nikasoma wakati wote wa mapumziko nikiwa nimesimama.

Mwalimu alikuwa sawa. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo kumwambia. Akaniuliza nimesoma kitabu gani, na ukurasa wa ngapi.